Pikipiki na chumvi: farasi 500 wanakusaidia nini kama hakuna pa kukanyaga?

#1 Mzee wa Spana

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita humu jukwaani watu walitoana macho wakibishania pikipiki gani ina spidi kuliko zote, na ubishi ukaishia pale unapoishiaga siku zote: kila mtu na picha ya dashibodi yake. Nikaona nifungue uzi wa pembeni, maana kuna watu duniani ambao shughuli yao ndiyo hiyo, kwenda mbio tu basi, na dashibodi wala hawana habari nayo. Wanakimbizia pikipiki kwenye chumvi. Chumvi kabisa, imetanda mpaka macho yanachoka. Kwa hiyo mkiona namba kubwa humu ndani msiseme natia chumvi. Ilishatiwa na Mungu.

Uwanja wenyewe unaitwa Bonneville, uko jimbo la Utah, Marekani, karibu na mji mdogo wa Wendover. Zamani sana hapo palikuwa ziwa. Likakauka, likaacha uwanda mweupe, tambarare kiasi kwamba milima ya mbali unaiona kama imening'inia hewani. Kila majira ya baridi maji yanarudi kwa kina kidogo, kiangazi jua linayakausha, na kufika Agosti panakuwa na ukoko mgumu ambao hata lori linapita. Hapo ndipo inapofanyika Speed Week tangu 1949, chini ya SCTA, chama cha wapenda mbio kutoka Kusini mwa California. Baada yake huwa kuna mkutano mwingine wa pikipiki tupu.

Mbio hizi hazina mtu wa kushindana naye ubavuni. Uko peke yako kwenye mstari, mwamuzi anakupa ishara, unaondoka. Maili za mwanzo ni za kupandisha spidi, kisha unaingia kwenye maili inayopimwa. Kuna mwali wa mwanga mwanzoni na mwingine mwishoni, saa inahesabu muda uliokaa katikati yake. Spidi yako ni wastani wa maili nzima, si ile nusu sekunde uliyoona nyota. Halafu lazima urudie. Mara moja haihesabiki.

Rekodi ya juu kuliko zote ni ya 25 Septemba 2010. Rocky Robinson akiwa ndani ya Ack Attack, chombo chenye injini mbili za pikipiki ya Suzuki Hayabusa na turbo (pampu inayoisukumia injini hewa zaidi), alipata wastani wa maili 376.363 kwa saa, yaani kilomita 605.697. Hizo ni mita 168 kwa sekunde. Ukipiga chafya, ukija kufumbua macho, uwanja mzima wa mpira umebaki nyuma na nusu ya wa pili.

Mimi nilipoanza kufuatilia nilidhani huu ni mchezo wa injini. Nimekuja kugundua injini ndiyo sehemu nyepesi. Farasi, yaani nguvu za injini, siku hizi wapo kibao, ukitaka 500 unafungiwa turbo unaondoka nao. Kinachokosekana ni pa kukanyaga, na upepo nao hauna mjomba.

Nitashusha kidogo kidogo. Karibuni.

#2 Siti ya Dirishani

Nimeshakaa. Shusha nondo mkuu.

#3 Mbishi Halali

Mzee wa Spana nakuheshimu ila hapa umeanza vibaya. Pikipiki ni nguvu gawanya kwa uzito, mambo mengine ni porojo. Hayabusa ya turbo yenye farasi 500 ukiitoa makava yote, ukaipunguzia kilo 40, inaenda kasi kuliko ilivyokuwa. Sasa unaniambia farasi si hoja? Kwa nini basi hao jamaa wamefunga injini MBILI?

Na kwa nini waende kwenye chumvi wakati lami ipo?

#4 Mzee wa Spana

Mbishi nilijua utakuja.

La lami ni jepesi. Nionyeshe lami iliyonyooka maili 10, pana kiasi kwamba ukiyumba mita 100 hugongi kitu. Kwenye chumvi ukipoteza mwelekeo unateleza mpaka unasimama mwenyewe. Hakuna mti, hakuna ukingo, hakuna mtaro. Watu wamejaribu kwenye njia za kurukia ndege, na baadhi ya rekodi za pikipiki za umeme zimewekwa huko: Max Biaggi na Voxan Wattman mwaka 2021 walifika kilomita 455.737 kwa saa kwenye njia ya kutua vyombo vya anga za juu pale Kennedy, Florida. Lakini hata wao mpango wa mwanzo ulikuwa wakimbie kwenye chumvi ya Uyuni, Bolivia.

La kupunguza uzito nawaachia waliokishika chombo kwa mikono yao. Kiswahili cha Fizikia upo?

#5 Kiswahili cha Fizikia

Nipo. Nitajaribu bila fomula.

Ukikimbia polepole, nguvu nyingi inaliwa na msuguano wa tairi, cheni na gia. Ukishavuka kilomita 150 hivi kwa saa, mla nguvu mkuu anakuwa upepo. Na upepo haulipishi kwa mstari ulionyooka. Ukizidisha spidi mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne, na kwa kuwa unausukuma huo msukumo kwa haraka mara mbili, nguvu unayohitaji inakuwa mara nane. Mara nane! Kama pikipiki yako inahitaji farasi 100 kwenda kilomita 240, kwenda 480 na umbo lile lile inataka 800.

Kwa hiyo Mbishi, ukitoa makava umejiua mwenyewe. Kilo 40 ulizopunguza zinakusaidia kupandisha spidi haraka, na hapa haraka si hitaji lako, una maili kadhaa za kujipanga. Kava ulilotoa ndilo lingekukatia upepo.

Ndiyo maana zile za juu kabisa hazifanani na pikipiki. Wenyewe huziita striimulaina. Ni gamba refu kama samaki, dereva amelala ndani miguu mbele, magurudumu mawili yamejificha. Na samaki si mfano wangu: Denis Manning, aliyeitengeneza BUB Seven, mojawapo ya striimulaina hizo, umbo alilichukua kwa samoni.

#6 Mbishi Halali

Sawa, upepo nimekubali. Ila ukishakuwa na gamba, si bado unaongeza farasi na kupunguza kilo? Hujajibu la kilo.

#7 Mkono wa Chumvi

Huyu wa kilo niachieni mimi.

Nimewahi kwenda Bonneville kama msaidizi wa timu ndogo, watu wanne na pikipiki moja ya cc 1000 yenye turbo, ya kukaa juu, makava nusu. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kufuta na kunyamaza. Nyumbani kwenye mashine ya kupimia ilikuwa imetoa farasi 340 na mwenye pikipiki alikuwa anatembea kifua mbele.

Mkimbio wa kwanza mzuri, tukachomeka kompyuta. Tairi la nyuma linasema maili 218. Tairi la mbele linasema 191. Karatasi ya saa inasema 190 na ushee. Mwenye pikipiki akaangalia, akazima, akawasha tena, akaangalia. Ile tofauti ya maili 27 ilikuwa tairi la nyuma linazunguka bure. Halijapiga kelele, halijatoa moshi, dereva hakuhisi kitu zaidi ya mkia kulegea kidogo "kama natembea kwenye maharage". Kwenye lami ungejua. Chumvi inakudanganya kimya kimya.

Unajua tulifanya nini? Tulipunguza msukumo wa turbo na kuongeza kilo 25 za risasi (yale madini mazito, si za bunduki) chini, kwenye fremu. Nguvu CHINI, uzito JUU. Kesho yake ikaenda 199.

Ukoko ule unashika kiasi cha nusu tu ya lami nzuri, na asubuhi ukiwa bado na unyevu ni chini ya hapo. Tairi linashika kadiri linavyokandamizwa, kwa hiyo uzito ni rafiki yako. Ack Attack wanayoitaja ina farasi zaidi ya 900 kwa maelezo ya timu yake, lakini dereva hawafungulii wote mlangoni. Anawatoa mmoja mmoja kama mtu anayepita na trei ya glasi.

#8 Mbishi Halali

Dah. Kilo 25 za RISASI.

Ngoja nikae chini kwanza.

#9 Siti ya Dirishani

Mkono wa Chumvi endelea basi, usituache njia panda. Hali ya kule ikoje? Na jina lako lina maana gani?

#10 Mkono wa Chumvi

Jina ni kwa sababu mikono yangu ilipasuka kwa wiki mbili baada ya pale.

Hali: weupe. Unavaa miwani hata ukiwa kivulini. Jua linakupiga kutoka juu na linakupiga tena kutoka chini likiakisiwa. Nilijipaka mafuta ya jua usoni na shingoni kama mtu mwenye akili, jioni nikawa nimeungua ndani ya matundu ya pua, chini ya kidevu, na mapajani kwa ndani kwa sababu nilivaa kaptula pana. Wazoefu walinicheka tu, hakuna aliyenitahadharisha.

Chumvi yenyewe si unga. Ina ukoko wenye mistari kama magamba ya kobe, na kwenye ile mistari inainuka kidogo. Waandaaji wanaburuta vyuma vizito kusawazisha njia kabla ya mbio. Ikipata joto la mchana inanata kwenye soli, inarushwa na tairi inagandia injini, inaingia kwenye soketi za waya. Tulipoteza nusu siku nzima kwa sababu ya plagi moja ya sensa (kifaa cha kupimia injini) iliyojaa ute mweupe. Pikipiki inakatakata maili ya tatu, kila mtu analaumu mafuta, kumbe plagi ndogo kuliko kidole gumba. Mimi ndiye niliyeiosha siku moja kabla, na sikuikausha. Nilisema? Sikusema. Leo ndiyo nasema.

Muda mwingi ni kupanga foleni. Dereva ndani ya suti ya ngozi kwenye joto, sisi tumemshikia mwavuli, masaa mawili, matatu. Kisha upepo wa ubavu unaamka, njia inafungwa, mnarudi mlikotoka.

Ukaguzi ndio ulinifungua macho. Wanataka kamba inayounganisha dereva na swichi ya kuzimia, akidondoka injini inakufa. Wanataka shokapu ya usukani ili usukani usianze kucheza. Wanataka kava la cheni. Na wanataka kofia ya valvu ya tairi iwe ya CHUMA. Nikauliza, ya plastiki ina ubaya gani? Mkaguzi akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la tenki: gurudumu likizunguka kwa kasi ile, ule msumari mdogo ndani ya valvu unavutwa kuelekea nje ya duara, na kwenye valvu kuelekea nje ndiko kufunguka. Tairi linajitoa upepo lenyewe. Kinachobaki kuzuia ni kofia.

Tangu siku hiyo kofia za plastiki sinazo.

#11 Fundi Mstaafu

Nimesoma hapo kwenye kofia ya valvu nikaenda nje kuangalia zangu. Zote plastiki.

#12 Mzee wa Spana

😂 Mzee wangu shikamoo. Wewe usiende maili 200, zinakutosha hizo.

Twende kwa watu sasa, maana uzi wa chumvi bila Burt Munro haujakamilika. Mzee wa Invercargill, New Zealand, amezaliwa 1899. Alinunua pikipiki ya Indian Scout mpya mwaka 1920, ya cc 600, spidi yake ya juu maili 55. Hakuibadilisha. Aliichonga hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Pistoni alikuwa anamimina mwenyewe kwenye makopo. Kipimo cha kupimia sehemu ndogo alikitengeneza kwa spoku kuukuu. Matairi alikuwa anayapara meno kwa kisu yabaki kipara. Zilizovunjika alizipanga kwenye shelfu na kuandika kwamba ni sadaka kwa mungu wa spidi.

Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, injini ikiwa imefika cc 950, akaweka rekodi ya daraja la chini ya cc 1000 pale Bonneville: maili 183.586. Huyo ndiye mtu aliyekula chumvi nyingi kwa maana zote mbili.

#13 Mpenda Takwimu

Mkuu sahihisha. Rekodi ya Munro ni 184.087.

#14 Mzee wa Spana

Nimeandika kwa kukumbuka namba ya kwenye vitabu, mkuu, na vitabu vyote vinasema 183.586.

#15 Mpenda Takwimu

Vitabu vya zamani, ndiyo. Mwaka 2014 mwanawe aligundua kuwa mwaka ule wa 1967 waliokokotoa wastani walikosea hesabu. Chama cha pikipiki cha Marekani, AMA, kikapiga upya na kurekebisha. Mzee alikuwa ameshafariki tangu 1978, na akaongezewa nusu maili miaka 36 baadaye.

#16 Mzee wa Spana

Nimesalimu amri. Naacha bandiko langu kama lilivyo ili watu wakuone ulivyonirekebisha.

#17 Kiswahili cha Fizikia

Mfano wangu wa upepo ukamilishwe na Rollie Free. 13 Septemba 1948, Bonneville hapo hapo, juu ya pikipiki aina ya Vincent. Lengo lake lilikuwa maili 150. Akakimbia na suti ya ngozi, ikapasuka kwa upepo, akaishia 147 na kidogo. Mtu wa kawaida angetafuta suti nyingine. Yeye akavua. Akabaki na kaptula ya kuogelea, kofia ya kuogea na raba za kuazima, akalala kifudifudi juu ya pikipiki, miguu imenyooshwa nyuma kama mkia. Maili 150.313.

Injini ile ile, farasi wale wale. Maili tatu zilikuwa kwenye nguo.

#18 Siti ya Dirishani

Juu ya chumvi. Na kaptula. Akianguka je?

#19 Mkono wa Chumvi

Ile chumvi ni msasa. Sitaki hata kufikiria.

#20 Mbishi Halali

Nimerudi. Nimekaa chini nikafikiri, la uzito nimelielewa. Sasa nina swali la kisheria. Huyu #1 kasema lazima urudie. Kurudia vipi? Ukienda mara ya kwanza upepo unakusukuma mgongoni, ukarudia huko huko, si umeiba?

#21 Mpenda Takwimu

Swali zuri na jibu lake ni kwamba kuna vitabu viwili vya sheria.

Rekodi ya dunia inatambuliwa na FIM, shirikisho la kimataifa la pikipiki. Kwao lazima ukimbie kwenda na kurudi, pande mbili zinazopingana, ndani ya saa mbili. Upepo uliokusukuma kwenda utakukaba kurudi. Saa mbili maana yake una muda wa kugeuza, kujaza mafuta, kukunja parachuti na kusali. Ukigundua kitu kimepasuka, imekula kwako.

SCTA kwenye Speed Week ni tofauti. Ukiipita rekodi iliyopo, pikipiki inapelekwa moja kwa moja kwenye boma la ulinzi. Mnapewa saa nne za kuishughulikia hapo hapo, kisha haiguswi. Kesho alfajiri unakimbia tena, uelekeo ule ule, na wastani wa mikimbio miwili ndiyo rekodi. Kwa hiyo ndiyo Mbishi, upepo unaweza kukubeba mara mbili. Ila alfajiri kwa kawaida hewa imetulia, na hali ya kesho huijui.

Mimi naona ya FIM ndiyo rekodi ya kweli.

#22 Mkono wa Chumvi

Sikubaliani. Kwenye kurudi kesho yake kuna mtihani ambao saa mbili hazina: lazima chombo kiwe kimebaki salama. Nimeona watu waliopita rekodi kwa maili 10 mchana, asubuhi pikipiki haiwaki. Wamelala nayo ikiwa nzima! Na ile hewa ya alfajiri ni nzito zaidi kuliko ya mchana, ulivyoiset mchana sivyo inavyotaka asubuhi. Kumbuka Bonneville iko zaidi ya mita 1,280 juu ya usawa wa bahari, mchana wa joto injini isiyo na turbo inahema kama iko juu zaidi ya hapo. Inapoteza nguvu, ingawa upepo nao unakuwa mwepesi kuupasua.

Wote wawili ni mtihani. Tofauti ni nani anakupima, haraka au usiku.

#23 Mpenda Takwimu

Haya, tukubaliane kutokukubaliana. Ngoja nimwage mtiririko wa rekodi za dunia, maana huu ndio utamu.

Don Vesco alikuwa wa kwanza kuvuka maili 300, mwaka 1975, kwa Silver Bird yenye injini mbili za Yamaha: 302.92. Mwaka 1978 akarudi na injini mbili za Kawasaki zenye turbo, 318.598. Mwaka 1990 Dave Campos akaichukua kwa chombo cha Harley, 322.150. Ikakaa pale MIAKA 16.

Halafu Septemba 2006 likatokea la kutokea. Tarehe 3 Rocky Robinson na Ack Attack wakapiga 342.797. Siku mbili baadaye, uwanja huo huo, Chris Carr na BUB Seven wakapiga 350.884. Miaka 16 ya kusubiri, na rekodi mpya ikadumu siku mbili! 2008 Robinson akaichukua tena, 360.913. 2009 Carr akaichukua tena, 367.382. 2010 Robinson, 376.363, na hapo ndipo ilipo mpaka leo.

Carr ni bingwa wa mbio za udongo za Marekani, kazi yake ya kila siku ni kuteleza. Sidhani kama ni bahati.

#24 Siti ya Dirishani

Siku mbili tu 😭 Robinson hata keki ya pongezi hajamaliza.

#25 Fundi Mstaafu

Wanangu, mimi swali langu ni la kitoto. Chombo kama samaki, dereva amelala ndani, miguu haigusi chini. Kinasimamaje kisidondoke? Na kinasimamishwaje?

#26 Mzee wa Spana

Swali la kitoto ndilo gumu, mzee.

Kina vijiguu viwili vya pembeni vinavyotoka na kuingia. Mwanzoni vinakuwa chini, na baadhi ya vyombo vinavutwa au kusukumwa kwa gari mpaka vipate spidi ya kujitegemea. Kikishachanganya, mwendo wenyewe na usukani vinakishikilia wima, dereva anapandisha vijiguu. Baada ya hapo ni baiskeli tu, isipokuwa wewe umelala, huoni zaidi ya kidirisha, na usukani unausogeza kwa kiasi ambacho mtu wa pembeni hawezi kukiona.

Kusimama ni parachuti. Breki zipo ila ukizishika kwa maili 300 juu ya chumvi ni sawa na kujitafutia. Unaachia mafuta taratibu, unavuta parachuti, inakupunguza, ukikaribia kusimama unashusha vijiguu. Ukisahau kushusha, unalala ubavu mbele ya kamera kwa spidi ya mtu anayetembea. Imewatokea wengi na ni aibu tu.

Aibu hiyo afadhali. Machi 2018, Lake Gairdner, ziwa la chumvi la Australia Kusini, Valerie Thompson akiwa ndani ya BUB Seven alipoteza mwelekeo akiwa kwenye spidi inayozidi maili 340. Chombo kikabiringika na kuteleza, magamba yakitawanyika umbali mrefu. Alitoka hai na majeraha madogo. Gamba lilimlinda, mikanda ilimlinda, na ule uwazi niliousema ulimlinda. Angekuwa kwenye lami yenye ukingo tungekuwa tunaongea kwa sauti nyingine.

#27 Kiswahili cha Fizikia

Hapo kwenye kupoteza mwelekeo kuna somo moja. Mshale una uzito kichwani na manyoya mkiani. Ukigeuza, kichwa chepesi na mkia mzito, utajigeuza hewani wenyewe. Chombo hivyo hivyo: kitovu cha uzito kinatakiwa kiwe mbele ya pale upepo unapokandamiza ubavuni. Kikiwa nyuma yake, upepo mdogo wa pembeni unakugeuza.

Kwa hiyo risasi za kina Mkono wa Chumvi haziwekwi popote tu. Ukiziweka zote nyuma kwa tamaa ya kukandamiza tairi, umetengeneza mshale uliogeuzwa.

#28 Mkono wa Chumvi

Sisi tulizifunga chini kabisa mbele ya injini, ndiyo. Kuna mzee wa timu jirani alikuja akatazama, akasogeza kopo letu la risasi kwa mguu, sentimita 20 mbele. Hakusema neno, akaondoka. Alikuwa na kofia nyekundu. Kule kofia nyekundu ni ya wanachama wa klabu ya maili 200, haiuzwi, lazima uwe umeweka rekodi juu ya maili 200. Tulizifunga pale pale alipoziacha.

#29 Siti ya Dirishani

Naomba kuuliza kabla uzi haujafungwa: nikitaka kwenda kuangalia, ni Agosti tu?

#30 Mzee wa Spana

Bonneville ndiyo, Agosti mpaka Septemba, ila usikate tiketi isiyorudishwa. Speed Week ilifutwa 2014, ikafutwa 2015, ikafutwa tena 2022. Mara maji hayajakauka, mara ukoko mwembamba na chini yake ni matope.

Na hilo ndilo linaloniuma. Zamani walikuwa wanapata njia ya maili 13. Siku hizi kuna miaka wanahangaika kupata 8, na chombo kinachotaka maili 400 kinahitaji kila hatua. Kwa miongo mingi maji ya chumvi yamekuwa yakivutwa kwa mifereji kwenda kutengenezea potashi (chumvi ya mbolea). Mwaka 1997 ukaanza mpango wa kusukuma chumvi irudi uwandani wakati wa baridi, na wakimbiaji bado wanadai irudishwe zaidi. Wengine wanasema mabadiliko ya maji chini ya ardhi nayo yamo. Mimi si mtaalamu wa miamba, ila ukiondoa kitu kwa miaka mingi, huwezi kushangaa kikipungua.

Australia wao hukimbia Machi, Lake Gairdner, na ukoko wake ni mnene. Uyuni iko mita 3,650 na ushee, hewa nyepesi, kila mbunifu anaiota, ila kupeleka kontena la vyombo mpaka kule ni safari nyingine.

#31 Mbishi Halali

Wakuu, nimefanya hesabu usiku. Pikipiki yangu ni farasi 180 kwenye karatasi. Nikitoa mtelezo wa gurudumu asilimia 10, nikiongeza kava la mkia, nikiweka sproketi (gia ya cheni) ya mbele jino moja zaidi, na kilo 30 za risasi chini mbele ya injini, napata maili 187. Nimekosea wapi?

#32 Mkono wa Chumvi

Farasi 180 wa karatasi ni 160 kwenye tairi, na kule juu ni 135. Jino moja zaidi halitavutwa. Anza na sproketi uliyonayo.

#33 Mbishi Halali

Sawa. Na kofia za valvu nimeshabadilisha.

#34 Fundi Mstaafu

Mimi pia.